Kilo Nne za Vumbi

Msomaji asije akadhani kwamba nchi hii anaijua. Nchi anayoijua yeye ina vumbi, na nchi hii haikuwa nalo. Lilifutwa kwa sheria, bungeni, kwa kura zote za ndiyo, asubuhi ya siku ya Jumanne. Haya tunayoyasimulia yaliwapata mke na mume waliofanya kazi Kiwanda cha Taifa cha Maji ya Chupa, na kama kuna mahali yataonekana hayawezekani, lawama zisije kwetu. Sisi tumeyapokea kama yalivyotokea.

Mke aliitwa Sikitu. Kwa miaka kumi na mmoja alisimama kwenye meza ndefu ya kufutia chupa, yeye na wanawake wenzake kumi na wawili, kila mmoja na kitambaa chake. Chupa zilikuwa za kioo, na zilikaa uani zikisubiri kujazwa. Ua ule ulipakana na machimbo ya mawe ya chokaa, kwa hiyo chupa zilipoingizwa ndani zilikuwa nyeupe kama zimeviringishwa kwenye unga. Sikitu aliishika chupa shingoni, akaizungusha mara mbili ndani ya kitambaa, akaipitisha. Rafiki yake Chiku, aliyesimama kushoto kwake, alizungusha mara moja akahesabu mbili, na siku zikaenda.

Mume aliitwa Lugendo. Alikuwa fundi mitambo, mtu mrefu asiye na maneno mengi, mwenye tabia ya kuweka kiganja juu ya mashine kabla ya kuiwasha, kama mzazi anayempima mtoto homa. Walikuwa na binti mmoja, Tunu, na mtaani hakuna aliyewaita kwa majina yao. Walikuwa Baba Tunu na Mama Tunu.

Mambo yalianza kuharibika siku alipokuja mgeni wa taifa. Mtukufu Kiongozi wa nchi alimpa mgeni chupa ya maji mbele ya kamera, mgeni akaipokea, akanywa, kisha kwa furaha akampiga Mtukufu kofi la kirafiki mgongoni. Suti ilikuwa nyeusi. Chupa ilikuwa mojawapo ya zile za Chiku. Mtukufu akakagua gwaride, akapanda miti mitatu, akahutubia taifa kwa saa mbili, na muda wote huo alikuwa na vidole vitano vyeupe mgongoni. Walinzi waliviona, mawaziri waliviona, nchi nzima iliviona kwenye televisheni. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Inasemekana alivijua jioni, alipovua koti.

Kesho yake ikaundwa Wizara ya Mng'aro wa Taifa.

* * *

Wizara iliunda tume, na tume ikagundua kwamba chupa hupata vumbi kwa sababu hufutwa na binadamu. Ukaagizwa mtambo kutoka ng'ambo. Ulikuwa mtambo mzuri, na Lugendo alikuwa wa kwanza kukiri hivyo. Chupa zingepita juu ya mkanda, brashi laini zingezisugua pande zote, pua ndogo za chuma zingezipuliza kwa hewa kali, na feni kubwa ingelivuta vumbi lote kupitia bomba hadi kwenye mfuko mnene wa kitambaa, ambao ungekung'utwa nje kila jioni.

Mtambo ulikuja katika makasha matano. Kasha la tano lilikuwa na mifuko. Bandarini, maofisa wa Wizara walilifungua ili kulikagua, wakakuta kitambaa kizito, cheupe, laini, wakaandika kwenye fomu: mapazia. Yakapelekwa wizarani, yakakatwa, yakatundikwa kwenye madirisha ya Waziri, na wote walioingia mle walisifu jinsi hewa ilivyokuwa safi.

Lugendo alifunga mtambo kwa kufuata michoro. Alipofika kwenye mchoro wa mwisho, akaona bomba linaishia hewani. Akachukua kitabu, akaenda kwa Mkurugenzi Mkuu wa kiwanda, Bwana Tegemeo, akamwonyesha kwamba bila mfuko vumbi litatoka kwenye chupa na kumwagika chumbani. Bwana Tegemeo alimsikiliza kwa upole. Akamuuliza kama chupa zitakuwa safi. Lugendo akasema zitakuwa safi kabisa. Bwana Tegemeo akamuuliza kama mtambo ulinunuliwa kusafisha chupa au kusafisha chumba. Lugendo akafunga kitabu chake, kwa kuwa lilikuwa swali la kisomi.

Siku ya uzinduzi Waziri wa Mng'aro alikuja mwenyewe kukata utepe.

"Ndugu wananchi," alisema, "vumbi limekuwa nasi tangu zama za ukoloni. Mkoloni alikuja akalikuta, akatawala, akaondoka akatuachia. Leo hii, saa nne na dakika kumi asubuhi, serikali yenu sikivu imelimaliza."

Lugendo akaweka kiganja juu ya mtambo, akauwasha. Chupa zikatoka upande wa pili ziking'aa kama zimezaliwa pale pale, na watu wakapiga makofi kwa haki, kwa sababu zilipendeza. Sikitu naye alipiga makofi. Halafu akamtazama mumewe kupitia ukuta wa kioo uliojengwa ili wageni waone chupa zikipita, na hakumwona vizuri. Alikuwa amesimama ndani ya wingu.

Madirisha ya chumba kile yalizibwa kwa saruji ili vumbi lisiingie.

* * *

Wanawake wa meza ya kufutia walipewa cheti cha shukrani na chupa moja ya maji kila mmoja, wakaambiwa waende nyumbani wakajenge taifa. Walibakizwa wawili, Sikitu na Chiku, kwa kazi mpya. Vumbi lililotoka kwenye chupa lilikuwa likitua juu ya mtambo, na mtambo wa taifa haukuruhusiwa kuonekana mchafu. Basi wale wawili wakawa wanaufuta mtambo wa kufuta vumbi, nusu saa asubuhi kabla haujawashwa na nusu saa jioni ukishazimwa. Saa zile tisa za katikati, aliyekuwa mle ndani ni Lugendo peke yake.

Sheria ya kulifuta vumbi ikapita Jumanne ile. Kuanzia hapo neno lenyewe likawa taabu. Kwenye ripoti za kiwanda liliandikwa "chembe za maendeleo". Wafanyakazi wakisemeshana waliita "kile kitu".

Jioni Lugendo alirudi nyumbani na nyusi nyeupe. Mwanzoni Tunu alicheka, akamwita babu, naye akatembea kizee kutoka mlangoni hadi kwenye kiti ili mtoto aendelee kucheka. Baada ya miezi michache hakuhitaji tena kuigiza. Alikuwa akisimama mara mbili njiani kati ya kiwandani na nyumbani, amejishika kiuno, akijifanya anatazama mashamba ya watu.

Muuguzi wa kiwanda alimsikiliza kifua, akaandika kwamba mgonjwa ahamishiwe mahali penye hewa. Karatasi ilikwenda kwa Bwana Tegemeo, ikarudi na mhuri: Hewa ipo.

Siku moja ya mapumziko Lugendo alikaa akimtazama mkewe anavyokunja nguo, kisha akamuuliza kama anakipenda sana kile kitenge kizito chenye maua ya kahawia.

"Cha harusi?" Sikitu akauliza.

"Hicho. Kimefumwa vizuri. Hewa itapita, kile kitu hakitapita."

Sikitu alikitoa sandukuni. Alikuwa amekivaa mara tatu tu katika maisha yake. Akakishika kidogo, akampa, na wakakaa pamoja barazani wakishona, yeye upande mmoja, mumewe upande mwingine, mpaka kikawa mfuko mrefu kama soksi ya mtu asiye na mwisho wa mguu. Jumatatu Lugendo akaufunga kwenye mdomo wa bomba kwa waya.

Zilikuwa siku tatu nzuri. Sikitu alizikumbuka moja moja baadaye, kama mtu anavyokumbuka safari. Siku ya kwanza aliweza kumwona mumewe kupitia kioo, uso wote. Siku ya pili alirudi nyumbani na nyusi nyeusi, akala akaongezewa. Siku ya tatu hakusimama njiani hata mara moja, na walipofika mlangoni alikuwa anapiga mluzi, wimbo wenyewe umeharibika lakini mluzi ni mluzi.

Siku ya nne ikaja Kamati ya Kuzuia Kurejea.

* * *

Kamati ilikuwa na watu saba na mizani. Waliukuta mfuko umejaa, umening'inia bombani kama mjamzito. Wakaufungua, wakaupima. Kilo nne. Hakuna aliyewahi kukamatwa na kiasi kikubwa namna ile tangu sheria ipite. Lugendo akashtakiwa ndani ya kiwanda kwa kosa la kupatikana na vumbi, na kosa la pili la kuliingiza katika eneo la taifa.

Shauri lilisikilizwa ofisini kwa Bwana Tegemeo, naye ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Sikitu aliruhusiwa kuketi nyuma kwa kuwa kitenge kilikuwa chake.

"Vumbi hili umelitoa wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Kwenye chupa, mheshimiwa," Lugendo akajibu.

"Chupa hazina vumbi. Mtambo huliondoa."

"Ndiyo, mheshimiwa. Likiondolewa linaingia kwenye mfuko."

"Kwa hiyo unakiri kwamba ulikuwa unalihifadhi."

Lugendo akataka kujibu, kikohozi kikamshika. Alikohoa mpaka akainama, mikono magotini, na wanakamati wakasubiri kwa adabu huku karani akiandika kwamba mshtakiwa alikataa kusema. Sikitu alisimama, akaambiwa aketi. Akaketi. Jambo hilo la kuketi lilimuuma baadaye kuliko mengi mengine.

Alipatikana na hatia. Adhabu yake ilikuwa kifungo, lakini ikaonekana kwamba akifungwa hakuna mwingine anayeweza kuendesha mtambo, na chupa za sikukuu ya taifa zilikuwa zinasubiriwa. Kamati ikatafakari, ikamhurumia. Ikamhukumu kuendelea na kazi. Mfuko ukatwaliwa kuwa kidhibiti, ukafungwa kwa lakiri, ukabandikwa namba.

Njiani kurudi nyumbani alisimama mara tano. Mara ya tano Sikitu alimwambia waache kazi wote wawili, waende kwao Lugendo, kwa kaka yake Mwinami, wakalime. Lugendo akamwambia amehukumiwa, na aliyehukumiwa akiacha kazi ni mtoro. Kisha, kwa kuwa alimwona mkewe anavyomtazama, akasema huenda Waziri ataagiza mfuko mwingine. Wote wawili walijua kwamba hataagiza.

Aliishi miezi minne. Mwishoni hakuweza kulala chali wala kwa ubavu, akawa anaketi ameegemea ukuta, na Sikitu anaketi kando yake. Alikufa asubuhi ya Jumatano, jua limeshatoka na Tunu ameshakwenda shule.

"Fungua dirisha, Mama Tunu," alisema.

"Liko wazi, Baba Tunu."

Akaligeukia, akaona kweli liko wazi. Akalitazama kwa muda kama mtu aliyeahidiwa kitu, halafu akaacha kutazama.

* * *

Katika nchi ile maiti haikuzikwa bila kibali, na kibali hakikutolewa bila sababu ya kifo. Daktari wa hospitali ya wilaya alikuwa ameandika kwa mkono wake: mapafu kujaa vumbi. Sikitu alipeleka karatasi hiyo kwenye ofisi ya vibali. Karani, Bwana Nzowa, alikuwa mtu mwenye huruma, na alimpa kiti kabla ya kumrudishia. Akamweleza kwamba sababu hiyo haimo kwenye orodha. Orodha ilikuwa na sababu ishirini na sita zilizoidhinishwa, naye akamsomea moja moja, taratibu, kama mhudumu wa hoteli anayemsomea mteja vyakula. Kulikuwa na uzee, mawazo, kuanguka, kuangukiwa, na kuitwa na Mungu kabla ya muda. Ya ishirini na sita ilikuwa kupumua bila uangalifu. Bwana Nzowa alisema, kwa sauti ya chini, kwamba hiyo ndiyo iliyo jirani.

Sikitu akasema mumewe alikufa kwa vumbi. Alilitamka neno lenyewe. Ofisi nzima ikainamia mafaili.

Akarudi nyumbani bila kibali. Siku ya pili akarudi ofisini, akaketi kwenye kiti kile kile tangu asubuhi hadi jioni. Bwana Tegemeo akamfuata huko na gari la kiwanda. Alimpa pole ya kweli, hata machozi yalimlenga. Akamwambia Wizara iko tayari kumtangaza marehemu kuwa Shujaa wa Mng'aro, itatoa jeneza la mninga na shada la maua, na yote yanasubiri saini moja tu. Sikitu alimwambia hataki jeneza la mninga. Anataka neno moja.

"Mama Tunu," Bwana Tegemeo akasema, "ungeniomba lolote jingine."

Siku ya tatu akaja shemeji yake, Mwinami. Alikuwa amesafiri siku nzima na watu kumi na wanne wa ukoo, nao walikuwa uani kwa Sikitu, wamekaa kwenye mikeka, hawali. Kaburi lilikuwa limechimbwa tangu juzi. Chumba cha maiti cha wilaya kilikuwa na umeme siku mbili kwa wiki, na siku hizo zilikuwa zimepita. Mwinami alikwenda kumwona mdogo wake, akatoka ameziba pua kwa kofia yake, na kutoka huko akaja moja kwa moja ofisini, akachuchumaa mbele ya kiti cha Sikitu ili wawe sawa kimo.

"Shemeji," alisema, "sisi tunajua kilichomuua. Mungu anajua. Lakini nimetoka kumwona sasa hivi. Usimwache akaharibika kwa ajili ya neno."

Sikitu akamuuliza amemwonaje. Mwinami akatikisa kichwa tu.

Sikitu akainuka akaenda mezani. Bwana Nzowa akamfungulia kalamu. Sikitu aliandika jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake, polepole, kwa sababu akilimaliza jina hapatakuwa na la kungoja tena. Juu ya jina lake palikuwa pameshachapwa tayari: kupumua bila uangalifu.

Walizika alasiri ile ile. Wizara ilituma shada la maua, na kreti sita za maji ya chupa za kulowesha udongo wa kaburi, ili wakati wa kufukia kisije kikatimka chochote.

* * *

Sikitu hakurudi kiwandani. Alipanga kumaliza arobaini, kisha amchukue Tunu waende kwa Mwinami. Lakini kabla arobaini haijatimia, kuna jambo lilianza kumshangaza. Wanawake aliofanya nao kazi miaka yote ile walipokutana naye sokoni walimsalimia, wakamuuliza mtoto, wakapita. Hakuna aliyesimama.

Siku ya thelathini na nane alikuja Chiku. Ilikuwa mchana, Sikitu anapepeta mchele. Chiku alikuwa amekonda, na nyusi zake zilikuwa nyeupe. Sikitu aliziona nyusi kabla ya kumwona mtu.

Wakasalimiana. Sikitu akaleta kigoda. Chiku akaeleza kwamba Lugendo alipofariki hapakuwa na fundi mwingine, na kwa kuwa yeye alikuwa ameufuta mtambo kila siku, Bwana Tegemeo alisema bila shaka wamezoeana. Akapandishwa cheo. Amekuwa akisimama mle ndani tangu wiki ya mazishi. Wanawake watatu wa meza ya zamani wameitwa kumsaidia, na wawili kati yao wameshaanza kukohoa.

Kisha akaeleza habari ya kanuni mpya. Wizara imegundua kwamba tatizo ni upumuaji. Kila Ijumaa huja mwalimu kutoka wizarani kuwafundisha kuvuta hewa kwa uangalifu, kidogo kidogo, kupitia pua, na anayekohoa kazini hukatwa siku moja kwa uzembe. Waliokataa kuamini wameonyeshwa ushahidi. Umekuzwa mkubwa kama mlango, umebandikwa kwenye ukuta wa kioo: kibali cha mazishi cha Fundi Lugendo, sababu ya kifo, na chini yake saini ya mkewe. Mwalimu huwaambia, mke mwenyewe aliyelala naye amekubali, ninyi ni nani?

Ungo ulikuwa bado mikononi mwa Sikitu. Akauweka chini.

"Ulisaini, dada?" Chiku akauliza. Hakuuliza kwa ugomvi. Aliuliza kama mtu aliyetumwa na wenzake, ambaye angependa arudi na jibu jingine.

"Nilisaini."

Chiku akaitikia kwa kichwa. Kuku akaja akadonoa mchele pembeni mwa ungo, na hakuna aliyemfukuza.

"Ulikuwa na maiti ya siku tatu," Chiku akasema hatimaye. "Hata mimi ningesaini."

Maneno hayo yalikuwa ya kumfariji, na yalimliza Sikitu kuliko alivyolia siku ya mazishi. Chiku akataka kuendelea kusema, kikohozi kikamkamata. Sikitu alikijua kikohozi kile. Alijua kinaanzia wapi, kitapumzika wapi, na kitarudi mara ngapi. Akasogea nyuma ya rafiki yake, akamwekea mkono mmoja kifuani na mwingine mgongoni, akamshikilia mpaka kikapita.

"Ni vumbi lililomuua," akamwambia, mkono ungali mgongoni pake. "Nenda ukawaambie wenzako. Sema Sikitu amesema kwa mdomo wake, ile saini walimlazimisha. Sema ni vumbi, na ninyi tokeni mle."

Chiku akafuta midomo kwa upindo wa kanga. Alikaa akivuta pumzi ndogondogo kupitia pua, kama alivyofundishwa.

"Nitawaambia, dada," akasema. "Nitawaambia wote. Kesho zamu yangu inaanza saa kumi na mbili."